Miaka Kumi ya Utumishi

Kila mkuu wa kikosi anaijua taabu ya kupokea kuruta watupu. Wana nguvu, wana mbio, lakini mambo yakichacha kila mmoja humtazama mwenzake. Weka kati yao sajini mmoja aliyekwisha kuona mengi, na kikosi kile kile kitasimama imara. Viongozi wa klabu ya North Melbourne, huko Australia, walilitambua jambo hili mwaka 1972. Habari yao yafaa kusimuliwa katika ukurasa huu, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo watu wa utumishi hulielewa upesi: mtu aliyetumikia mahali pamoja miaka kumi anadaiwa nini, naye anadai nini?

Mchezo wenyewe si kandanda tuijuayo. Huchezwa katika uwanja wa duara refu, watu 18 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huruhusiwa kuupiga teke, kuudaka, na kuupitisha kwa kuupiga ngumi; kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne. Mpira wa teke ukipita kati ya miwili ya katikati ni goli, nalo lina pointi 6. Ukipita pembeni mwake ni pointi 1 tu. Sheria za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, na wenyeji wa mji ule huupenda mchezo huu kana kwamba hakuna mwingine duniani.

North Melbourne waliingia katika ligi kuu ya jimbo la Victoria mwaka 1925, na hadi 1972 hawakuwa wametwaa kikombe hata mara moja. Msimu huo wa 1972 waliburura mkia, wakashinda mchezo mmoja tu. Kuimarisha timu hakukuwa rahisi, kwa maana siku zile mchezaji alikuwa kama mali ya klabu yake. Asingeweza kuhama bila hati ya ruhusa, na klabu ikikataa kuitoa, basi. Wakuu wa ligi waliingiwa na hofu kwamba siku moja mahakama ingeuona utaratibu huo kuwa kizuizi kwa mtu anayetafuta riziki yake. Ndipo walipopitisha kanuni kwamba mchezaji aliyeitumikia klabu moja kwa miaka 10 aweza kwenda apendako.

Mwenyekiti wa North, Allen Aylett, aliyewahi kuwa nahodha wa timu hiyo, alikuwa daktari wa meno. Labda kazi hiyo ilimfunza kwamba jino hung'olewa kabla mwenyewe hajabadili nia. Yeye na katibu wake, Ron Joseph, hawakungoja. Walimchukua Barry Davis kutoka Essendon, John Rantall kutoka South Melbourne, na mfungaji hodari Doug Wade kutoka Geelong. Kanuni yenyewe ilifutwa mwaka 1973, baada ya klabu zilizonyang'anywa watu kupiga kelele, lakini ndege walikuwa wamekwisha kuruka.

Tazama namna walivyochagua. Hawakuokota majina makubwa ovyo. Rantall alikuwa beki asiyepitika. Davis, naye wa nyuma, alikuwa na tabia ya uongozi, wakampa unahodha. Wade alikuwa amevuka miaka 30, mzito wa mwili, lakini mbele ya milingoti mguu wake haukupotea: mwaka 1974 alifunga magoli 103. Juu yao akawekwa kocha Ron Barassi, mtu mkali, aliyekwisha kuipatia Carlton vikombe vya 1968 na 1970. Na vijana walikuwapo tayari. Keith Greig, kijana wa North wenyewe, alipata nishani ya mchezaji bora wa ligi mwaka 1973 na tena 1974. Nadhani hapo ndipo penye siri, maana wakongwe hao hawakuletwa kushika nafasi za vijana, bali kuwapa vijana mgongo wa kuegemea.

Mwaka 1974 wakafika fainali, wakafungwa na Richmond. Mwaka 1975 wakarudi, wakawashinda Hawthorn kwa pointi 122 dhidi ya 67. Kikombe cha kwanza, baada ya miaka 50. Wade na Davis wakastaafu papo hapo.

Si kila aliyetumia kanuni ile alivuna. Melbourne walimpata Carl Ditterich kutoka St Kilda, jitu la kutisha uwanjani, na kikombe hawakukiona. Kilichofuata kwao kilikuja mwaka 2021. Mtu mmoja hajengi ukuta.

Je, watatu wale waliwasaliti waliowashangilia? Kuna waliosema hivyo, na uchungu wao naufahamu, kwa kuwa mtoto aliyevaa fulana yenye namba ya Wade hakuwa na kanuni ya kumtuliza. Lakini mimi sioni usaliti. Miaka 10 ya magoti kuvunjika na baridi ya majira ya kipupwe ni deni lililokwisha kulipwa, na klabu isiyomruhusu mtu kuondoka baada ya hapo hudai riba. Mwaka 1983 mahakama ya Victoria, katika kesi ya mchezaji Silvio Foschini, iliamua kwamba vizuizi vya kuhama vilizidi kiasi. Na tangu 2012 ligi yenyewe inatambua haki ya kuhama kwa mchezaji aliyetumikia klabu moja miaka 8 au zaidi.

Rantall ndiye aliyeendelea kucheza. Akiwa na kikombe ambacho asingekipata kwao, mwaka 1976 alirudi South Melbourne, nao wakampokea.