Harambee ya Matatu ya Mbao

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa darasa la nne, tukaitia katika kila insha, na sasa nahofia kwamba tumeizoea hata hatuisikii tena. Ndugu msomaji, nakuomba uisikie upya. Sisi Wakenya ni hodari wa kujaza vibaba, lakini twavijaza mkasa ukishatokea. Mtu akifariki, twachanga. Mtu akilazwa hospitalini, twachanga. Mtoto akikosa karo, twachanga. Lakini mtu akibuni kitu kizuri ambacho hakijawahi kuonekana, twampigia makofi kisha kila mtu ashika njia yake kwenda nyumbani.

Maoni yangu ni kwamba mchango wa wengi ungefaa pia kutengeneza kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Mfano nitakaoutumia ni kitu cha kuchezea watoto. Tafadhali usicheke kabla ya kunisikiliza.

Katika kidato chetu yuko msichana anayetoka Kawangware ambaye amebuni matatu ya mbao. Si gari la kuchongwa mara moja likaisha. Ni vipande vya mbao vidogo vidogo kama matofali, vyenye matundu na vijiti, na mtoto huviunganisha mwenyewe bila gundi wala msumari. Akichoka na matatu, avunjavunja na kuunda lori. Hayo ni kidogo. Kwenye ekseli ya nyuma pana kipande chenye umbo la yai. Ekseli ikizunguka, ncha ya yai husukuma kijiti juu, kijiti huinua mkono wa kondakta aliyesimama mlangoni, kisha mkono huanguka na kugonga bodi: ta! Ukiivuta polepole, kondakta agonga polepole. Ukikimbia nayo, agonga kama yule wa namba 46 aliyechelewa kufika mjini.

Mbele pana gia mbili. Ile iliyo kwenye ekseli ina meno 24, nayo nyingine ina meno 8 na huzungusha kipipa kilichopakwa rangi nyingi nyuma ya kioo. Gurudumu likienda mzunguko mmoja, kipipa huenda mizunguko mitatu, na ukitazama dirishani waona rangi zikipita kama taa za disko. Mwalimu wetu wa fizikia alipoiona aliiweka mezani akaitumia kufundisha habari ya mashine kwa kipindi kizima. Nakwambia kweli, siku hiyo hakuna aliyesinzia.

Sasa matatu hiyo iko wapi? Iko juu ya kabati katika maabara. Si kwamba haitakiwi, maana watoto wa mtaani kwao wanamsumbua kila siku wakiuliza ni pesa ngapi. Shida ni hii. Alipoenda na mama yake kwenye duka moja mjini, waliambiwa walete 50 zilizo tayari ndipo mwenye duka aone kama zitanunuliwa. Walipomwendea fundi wa jua kali, yeye alisema atakata vipande na meno ya gia vizuri, tena kwa bei ya chini, mradi apewe oda ya 100 na pesa mkononi. Duka lataka bidhaa kwanza, fundi ataka pesa kwanza, na mama wa watu anauza mboga. Hapo ndipo vitu vingi vinavyobuniwa na vijana wa nchi hii hufia.

Wenzetu wa mbali walikumbana na shida kama hii wakaitafutia njia. Wengi wetu tumewahi kuona matofali ya plastiki ya LEGO, hata kama ni kwa kupita tu kwenye maduka makubwa ya Westlands. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1932 na seremala aitwaye Ole Kirk Christiansen, katika mji mdogo wa Billund, nchini Denmark. Mwanzoni alikuwa akichonga vitu vya kuchezea vya mbao, sawa na huyu dada yetu. Tofali lenyewe kama tunavyolijua lilipewa hataza mwaka wa 1958, na mwaka wa 1977 wakaongeza aina yenye gia na ekseli, ili mtoto aunde mashine zinazofanya kazi.

La kupendeza ni kwamba siku hizi si mafundi wa kampuni peke yao wanaobuni. Shabiki yeyote huweza kupeleka mfano wake kwenye mpango uitwao LEGO Ideas. Akipata watu 10,000 wa kumuunga mkono, kampuni huuchunguza, na wakiukubali huutengeneza na kumpa mbunifu asilimia 1 ya mauzo halisi. Hivyo ndivyo Donny Chen, mwalimu wa muziki kutoka Uchina, alivyopata kuona piano yake ikitoka kiwandani mwaka wa 2020. Ina vipande 3,662, na ukibonyeza kitufe chake nyundo ndogo ndani yake huinuka, kama piano ya kweli.

Hata hivyo, mimi nauona mpango huo kuwa na upungufu. Kumuunga mtu mkono bure ni rahisi. Hata mimi naweza kuunga mkono vitu mia kwa siku bila kununua kimoja. Ndiyo maana napenda zaidi njia nyingine iliyoanzishwa mwaka wa 2018, LEGO walipokuwa wakiadhimisha miaka 60 ya tofali lao. Soko la intaneti liitwalo BrickLink lilichukua mifano ya mashabiki, likaionyesha, na watu wakailipia kabla haijatengenezwa. Mfano uliopata oda za kutosha ulitengenezwa. Uliokosa haukutengenezwa. Hapo hakuna maneno matamu, kila mtu huweka shilingi yake mahali penye mdomo wake. Njia hiyo ilikuwa nzuri hata LEGO wenyewe wakalinunua soko hilo mwaka uliofuata.

Pengine utasema, hayo ni mambo ya Wazungu. La, hasha! Hata hapa Nairobi yamewahi kutendeka. Mwaka wa 2013, wahandisi waliokuwa na ofisi Bishop Magua Centre, kwenye Barabara ya Ngong, walibuni kisanduku cheusi cha kuunganisha watu na intaneti hata umeme ukipotea. Walikiita BRCK, yaani tofali kwa Kiingereza, ila wakaiacha irabu. Badala ya kusubiri tajiri mmoja, walieleza kazi yao kwenye mtandao wa Kickstarter na kuomba dola 125,000. Watu zaidi ya 1,000 waliwachangia wakapita dola 170,000. Tofali hilo lilibuniwa upande wetu huu wa magharibi mwa jiji, si Billund.

Lakini mwanafunzi wa miaka 16 hawezi kuupita mlango ule wa Kickstarter, kwa sababu mwenye mradi hutakiwa awe ametimiza miaka 18. Basi tufanyeje? Tukae miaka miwili? Mimi nasema tuurudie ujuzi wetu wenyewe. Neno harambee limo katika nembo ya taifa. Shule nyingi ambazo wazazi wetu walisomea zilijengwa kwa harambee, huyu akileta mawe na yule mabati. Mwaka wa 2011, ukame ulipozidi kaskazini, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo hilo likapitwa. Wengi walituma kwa simu, hata bob kumi. Tena tangu mwaka wa 2012 kuna M-Changa, mtandao ulioanzishwa hapa hapa Nairobi kwa ajili ya michango. Hatukosi njia ya kuchanga. Tumekosa tu mazoea ya kuchangia kitu kabla hakijazaliwa.

Tofauti iliyopo kati ya mchango huu na ule wa matanga ni kubwa, na ndiyo kiini cha maoni yangu. Mchango wa matanga ni msaada. Ukishautoa, hutarajii kurudishiwa kitu, na huo ndio uungwana. Mchango wa kutengeneza kitu ni kununua mapema. Yeyote atakayetoa pesa zake apewe matatu yake, au arudishiwe pesa zake. Tukizichanganya hizi mbili tutamfanya mbunifu ombaomba, na mwenye kutoa atajiona mfadhili, ilhali wote wawili wanafanya biashara halali.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme matatu moja, kwa oda ya 100, itagharimu shilingi 400 pamoja na kazi ya fundi, rangi na boksi. Soo nne si pesa ya kuokota, najua. Lakini soo nne mara 100 ni shilingi 40,000, na hakuna mtu mmoja anayeumia. Piano ile ya LEGO ilipoingia sokoni iliuzwa karibu dola 350, zaidi ya shilingi 35,000 za wakati ule. Hizo ni nyingi kuliko shilingi 22,244 ambazo serikali ilipanga kutoa kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa kwa mwaka mzima. Kwa hivyo mtoto wa Kangemi au Kawangware hataipata piano hiyo. Matatu ya soo nne anaweza kuipata, hasa shangazi akichanga na mjomba.

Naam, kuna watakaopinga, nami nawaheshimu. Wa kwanza watasema: watu hawana unga, nanyi mwachangia vitu vya kuchezea? Nawajibu kwamba vitu vya kuchezea vinanunuliwa tayari. Tembea River Road au Luthuli mwezi wa Disemba uone magari ya plastiki yalivyotandazwa kando ya njia. Yananunuliwa Jumamosi, yanavunjika Jumapili, na pesa zimekwisha kwenda ng'ambo. Tena wadogo wetu walio katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, hutumwa nyumbani kutafuta maboksi na vizibo vya kuundia vitu. Kifaa kinachomfundisha mtoto gia na ekseli kingewapunguzia wazazi mahangaiko.

Wa pili watasema: pesa zitaliwa. Hoja hii ni nzito, na hatuwezi kuijibu kwa kuapa. Tumeona kamati ngapi zikianza kwa maombi na kuisha kwa kelele? Kwa hiyo napendekeza masharti manne. Mosi, pawe na idadi na tarehe. Oda 100 zisipopatikana kufikia siku iliyotajwa, kila mtu arudishiwe pesa zake, bila hadithi. Pili, pesa ziwekwe kwa jina la chama, zisitolewe bila sahihi za mlezi wa chama, mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja, na hesabu ibandikwe ubaoni kila Ijumaa. Tatu, mbunifu alipwe sehemu yake katika kila matatu, kwa maandishi, kwa sababu akili pia ni kazi. Nne, kabla ya oda ya kwanza, vipande vikaguliwe: visiwe na ncha kali, visiwe vidogo vya kumezwa na mtoto mchanga, na rangi isiwe na madini ya risasi.

Wa tatu watasema: tukiitangaza itaigwa. Hilo nalo ni kweli, maana mafundi wetu wana macho makali, na kitu kipya hakikai siku nyingi kabla hakijapata ndugu zake. Lakini kuificha kabatini si kuilinda. Nchi hii ina Taasisi ya Mali ya Viwandani, ambayo kazi yake mojawapo ni kusajili maumbo ya bidhaa. Mzazi wake na aende naye huko kabla mchango haujaanza, na ada ya usajili iingizwe katika hesabu. Usajili huo usipungue kamwe eti kwa sababu mbunifu ni mtoto.

Labda matatu hii haitapata oda 100. Ikiwa hivyo, dada yetu atajua kwamba watu waliipenda kwa macho tu, na atarudi kuitengeneza vizuri zaidi au kubuni nyingine. Hata hiyo ni elimu, tena bora kuliko makofi. Lakini ikipata, watoto 100 wa jiji hili watacheza na kitu kilichobuniwa na msichana wa kidato cha tatu, na fundi mmoja atakuwa amepata kazi. Na kila mwaka, vifaa vinavyorudi kutoka kongamano la sayansi havitakuwa na njia moja tu ya kwenda kabatini.

Mlezi wa chama amekubali kuweka daftari ofisini mwake. Kwa sasa halipokei pesa, ni majina tu, mpaka masharti yale manne yasomwe mbele ya mkutano wa wazazi na kukubaliwa au kurekebishwa. Majina yaliyoandikwa hadi ninapoandika haya ni 31. Ewe mwanafunzi mwenzangu, na wewe mzazi unayesoma jarida hili, pita pale uisome karatasi, uizungushe matatu kwa mkono wako, na kama hukupendezwa usiandike. Kama umependezwa, kalamu ipo.