Mwanafunzi wa udaktari naye ana moyo

Kijana wa mtaani anapochaguliwa kusomea udaktari, msikiti mzima hufurahi. Tunamwombea dua baada ya Ijumaa, na tangu siku hiyo tunamwita "daktari". Kisha tunamsahau, ila pale tunapomfuata barazani na vyeti vyetu vya presha na sukari.

Mmoja wao aliketi nasi baada ya Isha. Siku hiyo mgonjwa aliyemzoea wodini alikuwa amefariki, na kesho yake alikuwa na mtihani. "Naswali, lakini sijui nimesoma sura gani," akasema. Mzee mmoja akamjibu kwamba imani yake imepungua. Kijana akainama, asiseme tena. Nasi tuliokuwapo tulinyamaza, na ukimya ule unatusuta hadi leo.

Huko Marekani, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya wiki nane ya kutuliza fikra: mtu huzingatia pumzi yake na hali aliyo nayo, bila kujilaumu. Sisi tuna khushui, kuuhudhurisha moyo mbele ya Allah (SW). Si jambo lile lile, kwani swala ni ibada kwanza. Lakini moyo hupata humo pumziko. Tena mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, nayo huhitaji tiba. Basi huzuni ya kijana si hoja dhidi ya imani yake.

Hata hivyo, adhkari hazikusudiwi kuziba pengo la usingizi na chakula. Masomo haya nchini ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Hakuna awezaye kuubeba mzigo huo peke yake. Wazazi, mkimpigia simu, msianze na matokeo. Ulizeni kama amekula na amelala. Akirudi likizo, mwacheni apumzike. Na huzuni ikirefuka, au akitamka kuchoka na maisha, mpelekeni kwa tabibu siku hiyo hiyo, wala msione haya.

Sisi tulimwendea kijana yule bwenini, tukamtaka radhi. Hatukumpelekea cheti cha presha. Tulimpelekea chakula, tukamsikiliza.

Wabillahi tawfiq.