Bunduki siyo abiria

Wadau, kuna jambo ambalo sisi wakazi wa Dar tumelizoea mpaka hatulioni tena. Simama saa kumi na mbili jioni kando ya barabara yoyote kubwa, iwe ya Morogoro, ya Mandela au ya Bagamoyo. Zitapita pikapu za makampuni ya ulinzi zikiwapeleka walinzi malindoni. Nyuma wamebanana watu kama dagaa, na kila mwenye silaha kaisimamisha katikati ya magoti yake, mdomo wa mtutu ukiwa chini ya kidevu chake mwenyewe au usawa wa sikio la mwenzake. Gari likiingia kwenye shimo linaruka, watu wanaruka, na bunduki nazo zinaruka. Sisi kwenye daladala pembeni tunaendelea kuchati.

Hoja yangu leo ni fupi. Bunduki ikiwa ndani ya gari inatakiwa iwe katika hali moja kati ya mbili tu. Ama iko kazini, mikononi mwa mtu aliyefundishwa na kupewa jukumu la kulinda msafara huo. Ama ni mzigo, na mzigo wa aina hiyo husafiri ukiwa hauna risasi, umefungwa, na una mtu wa kuujibia. Bongo tumebuni hali ya tatu: bunduki haiko kazini na wala haijafungwa kama mzigo. Imepanda tu, kama abiria.

Najua kuna atakayesema, "Kijana, bunduki ina usalama wake, ukishauweka imelala." Hapo ndipo tunapodanganyana. Chukua shotigani ya pampu, ambayo ndiyo mnaiona sana mikononi mwa walinzi wa mabenki na maghala. Kwenye nyingi ya bunduki hizo, kile kitufe cha usalama kinazuia kichocheo tu, basi. Nyundo ya ndani inabaki imevutwa, ikishikiliwa na kipande kidogo cha chuma. Bunduki ikianguka vibaya au ikigongwa kwa nguvu, kipande hicho kinaweza kuachia bila mtu yeyote kugusa kichocheo. Kitu pekee chenye uhakika ni chemba tupu. Risasi isipokuwepo, hata ukiitupa bunduki ghorofani itavunjika tu, haitaua mtu kwa risasi.

Na hiyo chemba tupu nayo ina kanuni yake. Kwa SMG na bunduki nyingine zenye magazini ya kuchomoa, unaanza kutoa magazini, halafu ndiyo unavuta komeo, kisha unachungulia ndani kwa jicho na kupapasa kwa kidole. Ukianza kuvuta komeo wakati magazini bado ipo, risasi moja inatoka na nyingine inaingia palepale. Ukichomoa magazini baada ya hapo unaona umemaliza kazi, kumbe umebakiza moja ndani. Hivyo ndivyo zinavyopatikana zile taarifa za "alikuwa akisafisha silaha yake". Shotigani ya pampu ndiyo kasheshe zaidi, maana risasi zake zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, na nyingi hazina magazini ya kuchomoa kwa mkupuo. Lazima uzitoe mojamoja. Mtu aliyechoka baada ya lindo la saa kumi na mbili, huku dereva anapiga honi, atakuwa na subira hiyo?

Kuna na suala la kushuka. Gari limesimama, mlinzi anaruka chini, halafu anageuka kuivuta bunduki yake iliyobaki sakafuni. Anaishika wapi? Mdomo wa mtutu, kwa sababu ndio uliomwelekea. Kichocheo kinanasa kwenye kamba ya begi au ukingo wa benchi. Mafunzo ya wawindaji duniani kote yanaonya juu ya kosa hilihili: usivute bunduki kutoka kwenye gari au mtumbwi kwa kuishika mdomoni.

Nikitaja wawindaji simaanishi mambo ya mbali. Hapahapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumpiga mnyama risasi ukiwa ndani ya gari. Maana yake ni rahisi. Ndani ya gari la uwindaji, bunduki haina sababu ya kuwa na risasi chemba. Mwindaji mwenye nidhamu anashuka, anatembea, ndipo anapakia. Akirudi anatoa risasi kabla hajakanyaga ngazi ya gari, na bunduki inakaa kwenye begi lake au kwenye kishikio cha chuma kilichovikwa mpira. Sasa niulize: kama mtu aliye katikati ya pori, jirani na nyati, anaweza kukaa garini na bunduki tupu, mlinzi anayetoka Ubungo kwenda Mikocheni anashindwa nini?

Tusiwaonee walinzi peke yao. Kuna waheshimiwa wenye bastola na bunduki za leseni ambao gari lao ndiyo kabati. Silaha iko chini ya kiti, mwenye gari yuko baa anakula mbuzi, gari liko mikononi mwa kijana wa kuosha magari. Jiji hili hili ambalo mtu anavunjiwa kioo kwa ajili ya laptopu!

Wamarekani, ambao kwa silaha hawana mpinzani, wameshatuonyesha mwisho wa tabia hii. Mwaka 2015 mtumishi mmoja wa serikali yao aliacha bastola ya kazi kwenye begi ndani ya gari alilokuwa ameliegesha San Francisco. Gari likavunjwa, bastola ikaibwa. Siku chache baadaye, Julai 1, risasi iliyotoka kwenye bastola hiyohiyo ilimuua mwanamke aliyekuwa akitembea ufukweni na baba yake. Mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria: ukiacha bastola ndani ya gari lisilo na mtu, ifungie kwenye buti au kwenye kasha lenye kufuli, na polisi nao wamo.

Aprili 2016, huko Milwaukee, mama mmoja alikuwa anaendesha gari la mpenzi wake, ambaye alikuwa mlinzi. Silaha ya huyo mlinzi iliteleza kutoka chini ya kiti cha mbele ikamfikia mtoto wa miaka miwili aliyekaa nyuma. Mtoto akaiokota, ikalia, mama akafa akiwa kwenye usukani. Bastola ya mlinzi, chini ya kiti. Soma tena hapo.

Hata huko kwenye uhuru mwingi wa silaha, sheria yao ya shirikisho ya mwaka 1986, inayomlinda mtu anayesafiri na bunduki kupita jimbo hadi jimbo, ina masharti. Bunduki isiwe na risasi, na yeye na abiria wake wasiweze kuifikia kirahisi. Kama gari halina buti iliyojitenga, iwe ndani ya kasha lililofungwa kwa ufunguo, na droo ya dashibodi haihesabiki.

Kuna hoja moja nzito ambayo lazima niijibu. Agosti 2016, kule Mbande, askari polisi wanne waliuawa walipokuwa wakifika kubadilishana lindo benki. Aprili 2017, Kibiti, polisi wanane waliuawa wakiwa kwenye gari lao wakitoka lindoni. Mara zote mbili wauaji waliondoka na silaha. Mtu atauliza: unataka watu hawa wafungiwe bunduki kwa kufuli wakati majambazi wanawasubiri njiani?

Hapana, sitaki hivyo. Askari anayepita mahali pa hatari yuko kazini, na silaha yake iwe kazini. Lakini matukio hayo hayatetei ule mkusanyiko wa pikapu. Kama msafara unahitaji ulinzi, wateuliwe wawili wa kuulinda, macho nje, silaha mikononi, mitutu ikielekea nje ya gari. Bunduki nyingine nane zilizobanwa katikati ya magoti ya watu wanaosinzia hazimlindi yeyote. Kwa jambazi hiyo ni ghala linalotembea, tena kila siku saa ileile na njia ileile. Zikifungwa kwenye chuma, angalau hazichukuliki kwa kunyakua na kukimbia.

Na gharama? Hakuna hapa kitu cha kuagiza Ulaya. Mafundi wa Gerezani wanachomelea mageti ya kila namna. Kishikio cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya pikapu, siyo kwenye benchi, chenye mpira wa kukamata mitutu na nondo moja ya kupita mbele yenye kufuli, hawashindwi. Ongeza kasha dogo la risasi lenye kufuli lake. Ongeza pipa la mchanga uani kwa kampuni, ambapo kila silaha inaelekezwa mdomo wakati wa kupakia na kupakua, ili kosa likitokea limezwe na mchanga. Ongeza daftari: bunduki namba fulani, risasi kadhaa, kapokea fulani, kasaini. Ufunguo akae nao msimamizi, na dereva asiuguse.

Tangu sheria ya silaha ya mwaka 2015 ichukue nafasi ya ile ya 1991, mjadala wetu umekuwa ni nani apewe leseni. Ni mjadala mzuri. Lakini leseni haikai barabarani, bunduki ndiyo inakaa barabarani. Mwenye kampuni anayeshinda zabuni kwa bei ya chini anapunguza wapi? Siyo kwenye mafuta ya gari lake la kutembelea. Anapunguza kwenye pikapu, kwenye mafunzo, kwenye zile dakika kumi za kutoa risasi mojamoja. Na wa kwanza kulipia siyo yeye. Ni yule kijana aliyetoka Kigoma au Mara kutafuta maisha, analipwa mshahara wa kununua unga, na kila jioni anasafiri akiwa ameegemeza kidevu kwenye mtutu.

Nyie mnaofanya kazi benki, kwenye mahoteli na kwenye maofisi yenye mikataba na makampuni haya, ninyi ndio wateja. Kesho mlinzi akishushwa getini, angalieni kateremkaje na silaha imekaaje. Halafu mwulizeni bosi wenu kama mkataba unasema chochote juu ya gari lililomleta.

Naomba kuwasilisha.