Tangi la samaki: chagua maji kwanza

Nina neno na wale wanaouza tangi la kioo, pampu na samaki sita kwa mkupuo mmoja, mteja abebe vyote nyumbani, ajaze maji na kutia samaki jioni ile ile. Hiyo kwangu si biashara ya samaki, ni biashara ya kukurudisha dukani wiki ijayo ununue wengine. Sisi waandishi wa programu hujaribu kazi zetu kwenye seva ya pembeni kabla mteja hajazigusa. Tangi nalo lataka hivyo hivyo, ila majaribio yake huchukua mwezi mzima.

Kwa nini mwezi? Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, sumu vilevile, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi mpaka ubadilishe maji. Bakteria hawa huishi kwenye chujio na changarawe, na kwenye tangi jipya ni kama hawapo. Kuzaana mpaka watoshe huchukua kama wiki 4 hadi 6.

Utawalisha nini bila samaki? Funga kamba mbichi mmoja ndani ya soksi nyembamba, mtie majini aoze. Naam, harufu itakuwepo, funika. Nunua dawa ya matone ya kupimia, uandike namba kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda kisha ishuke, halafu nitriti ipande, nayo ishuke. Zote mbili zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, toa mabaki ya kamba, badilisha sehemu kubwa ya maji, kisha tia samaki wawili watatu, si kumi. Wenye watoto najua mtanicheka: utamwambiaje mtoto atazame maji na kamba mfu mwezi mzima? Mpe yeye daftari la namba. Watoto hupenda sana kuona namba zikipanda.

Hayo utayasoma popote. Ninalobishania mimi ni jingine. Maelekezo mengi huandikwa na watu ambao mfereji wao una maji yale yale mwaka mzima. Sisi wa Makupa je? Leo mfereji unatoa maji yaliyotoka Mzima, chini ya milima ya Chyulu, au Baricho kwenye mto Sabaki. Kesho mfereji mkavu, unasikia mkokoteni wa mitungi ya lita 20 iliyojazwa kisimani. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji ya visima huwa magumu, na mara nyingi yana chumvi. Ukiandaa tangi kwa maji haya halafu ukabadilisha kwa yale, umemhamisha samaki nchi bila pasipoti.

Basi kabla hujauliza ni samaki gani mzuri, uliza ni maji gani utayapata kila wiki, hata mfereji ukikauka. Ukiwa na pipa kubwa la kuweka akiba, tumia ya mfereji, lakini yaache wazi siku nzima kwanza ili klorini itoke, maana klorini huwaua hao hao bakteria unaowalea. Huna pipa? Chukua ya kisima na ushikane nayo, mradi yasiwe ya chumvi kali. Gapi na moli huyamudu, na samaki wa Ziwa Malawi hupenda maji magumu. Neoni tetra wa Amazon mwache dukani, hata akikukonyeza.

Maji magumu yana hila yake. Kipimo cha pH kikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10, na joto huizidisha. Kwa hivyo amonia ambayo kwa mtu wa Ulaya ni onyo tu, hapa yaweza kuwa msiba. Faida ya joto letu ni moja: hita huna haja nayo.

Halafu kuna stima. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na pampu ikizima wanaanza kukosa hewa samaki na bakteria pamoja. Habari ya maji yaliyozuiwa hatuhitaji kusimuliwa sisi: tuta la Makupa lilikata mkondo wa bahari kwa miongo mingi, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa 2022. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilipokuwa gizani, mwenye pampu ndogo ya betri alikuwa na nafuu. Na ile UPS iliyo chini ya meza yako, inayoishikilia kompyuta dakika chache tu, inaweza kuendesha pampu ya hewa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu pampu hiyo hula wati chache mno. Ijaribu ndani ya mwezi huo wa kusubiri, tangi likiwa bado tupu: chomoa waya ukutani, washa saa, uone itafika wapi.