Mituweli ni nyongeza. Inaongezwa juu ya nini?

Wandugu wa Kirolirwe, wa Bashali nzima, na ninyi mliokimbilia Goma, Minova na kwingine,

Kila mara mzee anapouliza nani atalipia matibabu yake, anapewa jibu moja: ingia katika mituweli. Wakubwa wanalisema, watu wa miradi wanalisema, hata sisi kwa sisi tunalirudia. Sisi vijana wa Kirolirwe tunalikataa jibu hilo. Si juu ya kwamba mituweli ni mbaya. Tunalikataa juu linamficha yule anayedaiwa.

Neno lenyewe tumelipata katika Kifaransa, basi tuanzie Ufaransa. Kule, tangu 1945, kuna kasha la serikali la usalama wa jamii. Mtu akienda kwa daktari wake wa kawaida, kasha hilo linabeba 70% ya bei iliyopangwa. Ile 30% inayobaki ndiyo kazi ya mituweli. Marekani nako, mtu akifika miaka 65 anaingia katika Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965. Kwa sehemu kubwa ya kazi ya daktari, Medicare inalipa 80%. Ile 20% mzee anaweza kuifunika kwa bima ya nyongeza ya kampuni binafsi, wanayoiita Medigap. Na kuna jambo tulilipenda: katika miezi 6 ya kwanza baada ya mzee wa miaka 65 kuingia upande wa madaktari wa Medicare, kampuni haina ruhusa ya kumkataa eti juu ni mgonjwa. Sheria imesimama kati ya mzee na mfanyabiashara.

Sasa fanyeni hesabu. Kule nyongeza inabeba 20 au 30 juu kuna mwingine amekwisha kubeba 80 au 70. Hapa mzee anaambiwa abebe 100, yeye na majirani wake maskini, halafu mzigo wote unaitwa mituweli. Hiyo ni nyongeza juu ya sifuri.

Na si kwamba Kongo imekosa maandishi. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 49 kinasema watu wa umri mkubwa wana haki ya ulinzi wa pekee. Kuna sheria ya 8 Februari 2017 juu ya mituweli. Kuna sheria ya 13 Desemba 2018 juu ya afya ya umma, na ndani yake mna ile Bima ya Afya kwa Wote, CSU. Tarehe 5 Septemba 2023, Rais Tshisekedi alizindua CSU kule Kinshasa, ikaanza na mama wanaojifungua na watoto wachanga. Vizuri kabisa. Hakuna hata mmoja kati yetu atakayesema mama asubiri. Lakini mzee yeye aliambiwa zamu yake ni lini?

Wengine watatuambia: wazee wana CNSS. Someni sheria ya 15 Julai 2016. CNSS ina matawi matatu: familia, ajali na magonjwa ya kazini, na malipo ya uzeeni. Tawi la kumtibu mtu malaria, presha au sukari haliko. Matibabu ya mfanyakazi yamewekwa na kodi ya kazi juu ya mgongo wa bwana-kazi wake, ikiwa angali kazini. Maana yake, hata yule mwenye bahati, aliyekuwa na mkataba na fishi ya mshahara miaka 30, siku anapoenda retrete anapoteza matibabu. Siku hiyohiyo mwili unaanza kumdai.

Na hao ni wachache sana. Wazee wa hapa kwetu wamelima viazi na maharagi, wamechunga ng'ombe, wamekamua maziwa ya ile fromaji ya Masisi inayosifiwa mpaka Kinshasa. Nani aliwahi kuwaandikisha CNSS? Bima yao ilikuwa ng'ombe. Mbuzi aliuzwa kwa malaria, ng'ombe aliuzwa kwa operesheni. Vita ikaja: Kitshanga ilianguka Januari 2023, barabara ya Sake ikawa ya risasi, watu wakajaa Bulengo, Lushagala na Rusayo. Goma ikaanguka Januari 2025, mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi. Wamerudi kwenye nini? Ng'ombe wameibwa, shamba limekuwa pori. Huyo ndiye unayemwambia alete mchango wa mituweli, halafu akichelewa unasema "watu wetu hawana roho ya mituweli".

Roho hiyo tunayo! Mgonjwa anabebwa kwa kipoyi saa nane za usiku katika matope, na hakuna anayeuliza malipo. AVEC ziko karibu kila kijiji, na kakasha ka msaada kanafunguliwa mtu akifiwa. Lakini kipoyi kinafika mlangoni mwa hospitali. Toka pale ni fakitire, na kuna wazee katika nchi hii wanaopona halafu wanabakizwa wodini juu hawajalipa.

Kuna tena kosa la hesabu ambalo watu wa miradi hawapendi kulizungumza na wanakijiji. Bima inasimama kama watu wengi wazima wanalipia wachache wanaougua kwa bahati mbaya. Mzee wa presha si bahati mbaya: atahitaji dawa mwezi huu, mwezi ujao na miaka yote iliyobaki. Mituweli ndogo ya kaya mia mbili maskini, ikipokea wazee wote wa kilima, itakauka kabla ya mavuno. Ikitaka kuishi, itaanza kuwakwepa hao wazee, pole pole, bila kuandika popote. Hatulaumu wanaoiongoza. Kasha dogo haliwezi kubeba kazi ya taifa.

Hata mfano wetu wenyewe unaonyesha hivyo. Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, bima ya hospitali ilianza 1986. Familia ilichanga wakati wa mavuno, pesa ikiwa mkononi, na mgonjwa akilazwa alilipa 20% tu ya fakitire. Ilisifiwa dunia nzima. Lakini nyuma yake palikuwa na hospitali inayotembea na mradi uliosaidiwa na ushirikiano wa Ubelgiji. Mchango wa mkulima ulikuwa juu ya kitu.

Na Rwanda? Tunajua jina hilo linachoma masikio hapa, na kwa sababu tunazozijua wote. Bado tutalisema: mituweli ya kule imewekwa na sheria kuwa ya lazima, tangu 2015 imo mikononi mwa taasisi ya taifa, RSSB, na wale maskini kabisa walilipiwa, hawakuachiwa kijiji. Jirani akikutendea ubaya, hesabu zake unaweza kuzisoma vilevile.

Eti serikali haina pesa, kuna vita. Abuja, Aprili 2001, marais wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Kongo haijafika hapo, wala wakati wa vita, wala kabla. Na yeyote anayekusanya kodi na pesa za bariere katika njia ya Sake–Kitshanga, awe na jina gani, naye ana deni kwa mzee wa Kirolirwe. Huwezi kupokea ya gunia la viazi halafu ugonjwa wa aliyelilima ukauita wa Mungu.

Tunadai CSU iwataje wazee kuanzia miaka 60, kwa dawa za presha na sukari na operesheni ya macho kwanza, na pesa iandikwe katika bajeti, si katika hotuba. Tunadai hakuna mzee kubakizwa hospitali juu ya fakitire. Msingi huo ukiwekwa, tutakuwa wa kwanza kuchanga mituweli juu yake.

Tusije tukaambiwa tena kwamba hesabu ya wazee haijulikani. Sisi wenye diplome zilizolala sandukuni tuko wengi na kazi hatuna: tunaanza kuandika, nyumba kwa nyumba, pamoja na manyumbakumi, umri wa kila mzee na dawa anayokosa, na jina lake litaandikwa akikubali mwenyewe. Daftari moja litaenda cheferi, moja kwa waganga wa zone ya afya, moja litabaki kwetu. Ukiwa na mama mzee nyumbani, tufungulie mlango.