Marejea Si Magugu

Makoongwe ni kisiwa kidogo. Konde likichoka, pa kuhamia ni shida. Mimi naona tulilishe konde marejea.

Utayatambuaje? Maua yake ni ya njano, kama ya mbaazi. Maganda yake yamevimba. Yakikauka, ukiyatikisa mbegu hulia kama kayamba. Mizizi ina vinundu vidogo. Humo hutengenezwa chakula cha udongo kutokana na hewa.

Panda mvua zikianza. Maua yakitoka, kata mimea, uifukie. Bakisha michache ya mbegu. Ni kweli, msimu huo konde hilo hupati muhogo. Basi anza na kipande tu.

Mbegu usizile, wala usimpe kuku. Marejea ya mwituni ni ya namna nyingi, na mengine yana sumu.