Bwana Harusi Si Mgeni

"Wewe kaa tu, utavishwa joho," mama aliniambia. Nikakaa. Huo ndio mchango wangu mzima katika harusi yangu, mimi ninayeandika tasnifu ya uzamili kuhusu kazi za wanawake zisizolipwa.

Usiku ule, uchochoroni kwetu Malindi, dada zangu walimenya vitunguu hadi macho yakavimba. Rafiki zangu wanne walikata nyama, wakachochea kuni, wakasimamia masufuria ya pilau mpaka alfajiri. Mmoja alikuja moja kwa moja kutoka kazini Nungwi. Mimi nililala, eti uso usichoke kwa picha. Kesho yake nikafungwa kilemba, nikasindikizwa msikitini, nikatamka "nimekubali". Watu wakanisifu.

Tunaiita mila. Mila ipi? Mtume alimwambia Abdulrahman bin Auf mwenyewe afanye walima, japo kwa mbuzi mmoja. Hakumwagiza mama yake wala dada zake. Wala usiniambie bwana harusi hulipa gharama. Zangu nusu alitoa baba.

Na shukrani? Niliwapa wapambe wangu saa za mkononi za kufanana, tukapiga picha Forodhani. Saa hailipi usiku wa mtu. Wa Nungwi anaoa Shaabani. Nimeshamwambia: asubuhi nitakuwa naye sokoni Darajani, usiku nitakuwa kwenye kuni. Dada zangu bado sijui nitawalipa nini.

Wewe unayeoa karibuni, usingoje deni kama langu. Vitunguu vya harusi yako, kamenye.